Muuguzi Mwanafunzi Anajifunzaje?

Mara nyingi ukurasa huu hueleza magonjwa. Leo tutaeleza habari za watu wanaotutibu. Tutaona jinsi muuguzi anavyojifunza kazi yake, na kwa nini sisi wanavijiji tunahusika katika masomo yake.

Nitaanza na jambo lililotokea kwenye zahanati ninayofanyia kazi, huku milimani Uluguru.

Bibi alikataa

Ilikuwa masika. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Njia ya kushuka Morogoro mjini ilikuwa tope tupu, wala gari halikuweza kupita. Usiku wakaja watu wanne wamebeba machela. Juu yake alikuwa mama mwenye uchungu wa kuzaa. Nyuma yao alikuja bibi yake, ameshika taa.

Pale zahanati tulikuwa watatu. Nilikuwepo mimi, tabibu msaidizi. Alikuwepo muuguzi mkunga wetu, mama mtu mzima. Na alikuwepo msichana mmoja, mwanafunzi wa uuguzi, aliyeletwa na chuo chake kwa mafunzo ya vitendo.

"Shikamoo bibi," alisema yule msichana.

"Marahaba. Wewe ndiye nesi?"

"Bado, bibi. Mimi ni mwanafunzi."

Bibi akakunja uso. Akamgeukia mkunga wetu, akasema, "Mwanangu, mjukuu wangu si daftari la watoto wa shule. Huyu atoke nje."

Mkunga hakukasirika. Alimwambia bibi kwamba ana haki ya kuuliza. Kisha akamwuliza mwenye uchungu mwenyewe, maana mwili ni wake. Yule mama akajibu, "Akae tu. Lakini wewe ndiye unishike." Basi tukakubaliana hivyo. Mwanafunzi akasimama pembeni, akiangalia na kupeana vifaa.

Karibu na alfajiri mtoto alizaliwa. Hakulia. Alikuwa amelegea, rangi yake imebadilika. Na wakati huo huo damu ya mama ikaanza kumwagika kuliko kawaida.

Hapo palikuwa na wagonjwa wawili, na mkunga ana mikono miwili tu. Alibaki kwa mama, akamchoma sindano ya oksitosini na kulikanda tumbo la uzazi ili likaze. Mimi nilikimbilia dripu. Mkunga akamwambia mwanafunzi neno moja tu: "Mtoto!"

Msichana yule hakusitasita. Alimkausha mtoto kwa kitambaa, akamfunika kwa kingine kikavu. Akamsugua mgongo. Mtoto hakupumua. Kitovu kikakatwa. Akamlaza chali, akanyoosha kichwa chake kidogo tu, akamfunika mdomo na pua kwa kifaa cha kupulizia hewa. Akaanza kubana mfuko wa kifaa huku akihesabu na kutazama kifua. Mara ya kwanza kifua hakikuinuka. Akakiweka kifaa vizuri tena. Kifua kikainuka. Akaendelea. Baada ya muda mfupi mtoto akakohoa, kisha akalia.

Damu ya mama nayo ikapungua. Palipokucha wote wawili walikuwa salama.

Bibi alikaa kimya muda mrefu. Halafu akamwuliza yule msichana, "Mjukuu wangu, watoto wangapi umewafufua namna hii?"

"Huyu ni wa kwanza, bibi."

"Sasa ulijifunza kwa nani?"

"Kwa mwanasesere, bibi. Kila siku."

Dakika moja ya kwanza

Ndugu wasomaji, jibu lile lina maana kubwa. Hebu tulichambue.

Watoto wengi wakizaliwa hupumua wenyewe. Wachache huhitaji kukaushwa vizuri na kusuguliwa mgongo. Wachache zaidi huhitaji kupuliziwa hewa. Mtoto asiyepumua anatakiwa awe amesaidiwa kabla ya dakika moja kwisha. Akikawia, ubongo wake huumia, au hufa.

Dakika moja haitoshi kufungua kitabu. Haitoshi kupiga simu mjini. Mkono lazima uwe unajua tayari. Na mkono haujui jambo kwa kusikia tu. Mkono hujua kwa kutenda.

Mkulima wa Mgeta anaelewa jambo hili. Huwezi kumfundisha kijana kutengeneza matuta ya mlimani kwa maneno peke yake. Lazima ashike jembe, akosee, arekebishwe, arudie. Asipofanya hivyo, mvua moja itaondoka na udongo wote. Uuguzi ni vivyo hivyo. Ila katika uuguzi, kinachoondoka ni uhai wa mtu.

Ngazi nne za kujifunza

Muuguzi wa cheti husoma miaka 2. Wa stashahada husoma miaka 3. Wa shahada husoma chuo kikuu miaka 4. Wote hupanda ngazi hizi:

1. Darasani. Mwanafunzi hujifunza mwili ulivyo, magonjwa, dawa na usafi.

2. Chumba cha mazoezi. Humu mna vitanda na wanasesere waliotengenezwa kama mwili wa mtu. Mwanafunzi hujifunza kuchoma sindano, kusafisha kidonda, kupima presha na kuzalisha. Akikosea hapa, hakuna anayeumia.

3. Wodini, akiwa na msimamizi. Kwanza hutazama. Kisha husaidia. Kisha hufanya mwenyewe huku msimamizi akimwangalia. Ana kitabu cha mazoezi. Akifanya kazi vizuri, msimamizi hutia sahihi humo.

4. Kijijini. Mwanafunzi huja kwenye zahanati kama yetu. Hapa hujifunza mambo ambayo hospitali kubwa haiwezi kumwonyesha. Hujifunza kwamba mgonjwa ametembea saa nyingi, kwamba mvua imeharibu njia, na kwamba mjomba wa mgonjwa naye anangoja kuambiwa.

Mkoa wa Morogoro unajua kazi hii tangu zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kule Ifakara kilianzishwa chuo cha kufundisha waganga wasaidizi wa vijijini, kwa msaada wa Waswisi. Shabaha ilikuwa kuwafundisha watu karibu na mahali watakapofanyia kazi. Shabaha hiyo bado ni nzuri.

Ngazi ya tano: kujielimisha mwenyewe

Ngazi hizi nne hazitoshi. Nitawaambia kwa nini, kwa kutumia kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa mwanafunzi nilijua kujibu maswali. Ukiniuliza hatua za kumsaidia mtoto asiyepumua, nilizitaja zote kwa mpangilio. Katika mtihani wa kuandika nilipata alama nzuri. Lakini siku ya kwanza nilipomkuta mtoto wa kweli asiyelia, mkono ulitetemeka. Nilikiweka kifaa vibaya, hewa ikawa inatokea pembeni. Kifua hakikuinuka, wala sikugundua. Mkunga aliyekuwa karibu alinipokonya kifaa, akafanya mwenyewe. Mtoto akalia. Mimi nilitoka nje nikakaa chini ya mti. Niliona aibu.

Kwenye chuo nilichosoma, mwanasesere alikuwa anafungiwa kabatini ili asiharibike. Tulimwona siku ya somo na siku ya mtihani tu. Baada ya siku ile nilikwenda kwa mkufunzi, nikaomba ufunguo. Alishangaa, lakini alinipa. Tukawa wanafunzi watatu. Kila jioni tulifanya mazoezi dakika 10. Mmoja alifanya, mwingine alitazama, wa tatu alisoma hatua kwenye kitabu na kutusahihisha. Hakuna aliyetuamuru.

Huko ndiko kujielimisha mwenyewe. Mwaka 1975 mtaalamu mmoja wa elimu ya watu wazima huko Marekani, Malcolm Knowles, aliandika kitabu juu ya jambo hili. Alieleza kwamba mtu anayejielimisha hufanya mambo matano. Kwa maneno yetu ni haya:

- Anajiuliza: nini sikijui?
- Anaweka shabaha: nataka niweze nini, na lini?
- Anatafuta msaada: kitabu gani, nani anajua?
- Anapanga namna ya kujifunza, kisha anafanya.
- Anajipima: je, sasa naweza?

Angalieni. Kujielimisha mwenyewe si kujifungia peke yako. Anayejielimisha huuliza sana. Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Wala si kuwaonea wagonjwa kwa kujaribu mambo usiyoyajua. Mwanafunzi anayejaribu kwa mgonjwa bila msimamizi hajielimishi. Huyo anahatarisha maisha ya mtu.

Mfano wa Haydom

Labda msomaji atauliza: je, mazoezi ya dakika chache yanaweza kweli kuokoa watoto? Jibu lilipatikana hapa hapa Tanzania.

Kule Haydom, mkoani Manyara, kuna hospitali ya Walutheri. Mwaka 2010 wahudumu wa chumba cha kuzalia walipewa mafunzo ya siku moja ya kuwasaidia watoto wasiopumua. Walitumia mwanasesere wa mtoto mchanga aliyetengenezwa na kampuni ya Norway. Baada ya mafunzo walijaribiwa kwa mwanasesere, wakafanya vizuri. Lakini watafiti walipoangalia kazi yao kwa watoto wa kweli, waliona haijabadilika. Mafunzo ya siku moja yalibaki kwenye chumba cha mafunzo.

Basi wakabadili njia. Mwaka 2011 mwanasesere aliwekwa pale pale karibu na chumba cha kuzalia. Wakunga walihimizwa kufanya mazoezi mafupi mara kwa mara, hata dakika chache kabla ya kuanza zamu. Wenzao wachache walichaguliwa kuwahimiza na kuwasahihisha.

Matokeo yalikuwa nini? Kabla ya hapo, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 11 hivi walikuwa wanakufa katika saa 24 za kwanza. Baada ya hapo idadi ilishuka hadi 7 hivi.

Hesabuni wenyewe. Ni watoto wanne katika kila elfu moja. Mafunzo ya siku moja yalikuwepo tangu mwanzo. Kilichoongezeka kilikuwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara, na moyo wa kujifunza. Haba na haba hujaza kibaba.

Miaka ya baadaye, mpango uliotokana na kazi hiyo ulipelekwa kwenye vituo 30 vya mikoa 5, yaani Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza.

Anayeacha kusoma ni hatari

Kuna sababu nyingine ya muuguzi kujielimisha. Elimu ya tiba hubadilika.

Wazee wetu wanakumbuka klorokwini. Ndiyo iliyokuwa dawa ya malaria kwa miaka mingi. Lakini vimelea vya malaria viliizoea, ikawa haiponyi. Mwaka 2001 Serikali iliiacha na kuchagua SP iwe dawa ya kwanza. Vimelea vikaanza kuizoea nayo. Mwishoni mwa mwaka 2006 ikaanza kutumika dawa mseto. Siku hizi tena tunapima kwanza kwa kipimo cha haraka, maana si kila homa ni malaria.

Sasa fikirieni muuguzi aliyemaliza chuo mwaka 1995. Alifundishwa klorokwini, na alifundishwa sawasawa kwa wakati ule. Kama aliacha kusoma siku aliyopata cheti, angekuwa anawapa watoto wetu dawa isiyoponya. Angefanya hivyo kwa moyo mwema kabisa. Moyo mwema bila elimu mpya hauponyi mtu.

Kwa hiyo nchi imeweka sheria. Chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, muuguzi lazima asajiliwe na awe na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Anatakiwa aendelee kujifunza hata akiwa kazini.

Matatizo yaliyopo

Haifai kuficha matatizo. Wodi nyingine zina wanafunzi wengi kuliko wagonjwa wanaoweza kuwafundishia. Utaona wanafunzi 10 wamezunguka kitanda kimoja. Wa mbele huona, wa nyuma huona migongo ya wenzake. Mgonjwa naye huona haya.

Wasimamizi ni wachache, na wana kazi zao nyingi. Mara nyingine mwanafunzi hutumwa kutandika vitanda na kupeleka karatasi siku nzima. Siku inakwisha hajajifunza kitu. Wengine hutia chumvi katika vitabu vyao vya mazoezi, wakaandika kazi wasizozifanya. Huyo anajidanganya mwenyewe, na siku moja atamdanganya mama mwenye uchungu.

Mwanafunzi anayejua kujielimisha hasubiri mambo yote yawe mazuri. Akikosa nafasi mchana, anaomba zamu ya usiku. Akiona ugonjwa asioujua, anauandika kwenye daftari na kuusoma jioni. Akiwa na simu, anasoma mwongozo wa tiba badala ya kutazama picha za mchezo. Lakini vyuo navyo visitumie jambo hili kama kisingizio. Ufunguo wa kabati uwe karibu na mwanafunzi.

Sisi wanavijiji tufanye nini?

Kila muuguzi mzuri aliyekuhudumia alikuwa mwanafunzi. Kuna mgonjwa mmoja aliyekubali achomwe naye sindano ya kwanza. Tungekataa sote, baada ya miaka michache tusingekuwa na wauguzi. Lakini kukubali si kujitupa. Una haki hizi:

1. Mwanafunzi ajitambulishe. Aseme jina lake na kwamba ni mwanafunzi. Asipofanya hivyo, mwulize.

2. Uombwe ruhusa kabla ya kuguswa. Unaweza kukubali jambo moja na kukataa jingine, kama alivyofanya yule mama. Ukikataa, bado utatibiwa.

3. Msimamizi awepo. Unaweza kuuliza, "Mkubwa wako yuko wapi?" Hilo si tusi.

4. Usitiriwe kwa pazia au nguo, na siri yako itunzwe.

Nawe una wajibu. Mweleze mwanafunzi ukweli wa ugonjwa wako, hata kama unarudia mara ya pili. Mwambie palipouma, na mwambie alipofanya vizuri. Akija kijijini kutembelea nyumba, mpe kiti. Mwonyeshe choo, mahali pa kuchotea maji na jiko lilivyo. Wewe utakuwa mwalimu wake siku hiyo.

Nanyi pia mnajua njia hii

Mwaka 1970 ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima katika nchi yetu. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hawakuwa na daktari katika kila kikundi. Walikuwa na redio, kijitabu na kiongozi wa kikundi. Kisha walitenda.

Hiyo ndiyo njia ile ile ya wanafunzi watatu na mwanasesere. Soma kidogo, jadili, tenda, jipime.

Wewe uliyejifunza kusoma ukiwa mtu mzima unaweza kuanza leo. Chukua kadi ya kliniki ya mke wako, binti yako au yako mwenyewe. Isomeni pamoja. Tafuteni dalili za hatari kwa mama mjamzito: kutokwa damu, kuumwa sana kichwa, kuona maluweluwe, kuvimba uso na mikono, kupata degedege, homa kali, na mtoto kuacha kucheza tumboni. Mkijua dalili hizo hamtasubiri mpaka usiku wa mvua. Mtafika mapema.

Yule bibi alirudi zahanati wiki iliyofuata, amemleta mama na mtoto kupimwa. Alikuwa amebeba mkungu wa ndizi. Nilidhani ni wa mkunga wetu. Bibi akauliza, "Yule mwanafunzi wangu yuko wapi?" Tukamwambia amerudi chuoni kufanya mtihani.

Bibi akautua ule mkungu chini. Akasema, "Mwambieni asiache kucheza na yule mwanasesere."

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini mtoto asiyepumua anapaswa kusaidiwa kabla ya dakika moja kwisha?
2. Bibi alikosea kumkataa mwanafunzi, au alikuwa na haki? Elezeni sababu.
3. Mafunzo ya siku moja kule Haydom yalipungukiwa na nini?
4. Taja jambo moja la afya usilolijua. Utajifunza kwa nani, na kwa siku ngapi?
5. Kijiji chenu kina mpango gani wa kumfikisha mama mwenye uchungu kwenye zahanati wakati wa masika?